Kura, Karata na Pumzi ya Watu

Kamari inabeba maswali mawili ya kidini ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza linahusu bahati yenyewe: karata inapofunuliwa, ni nani aliyeamua iwe hiyo na si nyingine? La pili linahusu pesa: anayeshinda anakula cha nani? Wahubiri wengi hukazania la kwanza, kana kwamba kosa la kamari ni kumwachia Mungu au shetani jambo ambalo mtu angepaswa kulifanyia kazi. La pili hutajwa kwa kupita, ingawa ndilo zito zaidi. Poka, mchezo wa karata ambao mchezaji hupambana na wenzake waliokaa naye meza moja, unayadhihirisha yote mawili. Na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mpaka wa Kasumulu, kupitia mashamba ya mpunga na kakao ya Kyela, hadi Matema na Ikombe chini ya milima ya Livingstone, ni mahali panapofaa kuyapimia. Hapo yamekutana mila ya Wanyakyusa, Ukristo wa Wamoravian na wa Walutheri, na Uislamu wa wafanyabiashara na wahamiaji, na kila upande umefikiri kwa kina juu ya kura, bahati na mali ya jirani.

Poka huchezwa kwa karata 52 za kawaida: kopa, uru, shupaza na pau. Katika aina inayochezwa zaidi duniani kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu. Kati ya awamu na awamu kila mmoja huamua kuweka pesa, kuongeza dau au kujitoa. Anayechukua fungu ni mwenye mkono bora wakati wa kufunua, au yule aliyewatisha wenzake wote wakajitoa kabla hata ya kufunua. Karata mbili za siri zinaweza kutokea kwa namna 1,326, na mkono bora kuliko yote, ree mbili, huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Poka inatofautiana na mkeka wa mpira au mashine ya dubwi kwa mpinzani wake. Mwenye mkeka anacheza dhidi ya kampuni, na anayetumbukiza sarafu kwenye dubwi anacheza dhidi ya mashine. Mcheza poka anacheza dhidi ya mtu anayemwona, au anayemjua kwa jina lake la mtandaoni. Kampuni au kasino inayoandaa meza huchukua fungu lake dogo kwenye kila mchezo, kwa hiyo pesa inayoondoka mezani na wachezaji ni pungufu ya ile waliyokuja nayo.

Mchezaji wa ridhaa anayeingia katika mchezo huu kwa bidii hupitia safari inayofanana kila mahali. Mfano ulioandikwa vizuri zaidi ni wa Maria Konnikova, mwandishi mzaliwa wa Moscow mwenye shahada ya uzamivu ya saikolojia kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Alipoanza hakujua hata idadi ya karata zilizomo katika seti moja. Alimwomba Erik Seidel, bingwa mkongwe wa Marekani, amfundishe. Na Januari 2018 alishinda shindano moja huko Bahamas na kupata zaidi ya dola 84,000. Kitabu chake, The Biggest Bluff, kilitoka mwaka 2020. Kabla yake, mwaka 2003, mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker alilipia kiingilio cha chini ya dola 100 katika mchujo wa mtandaoni, akafika mashindano makuu ya Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Baada ya hapo watu wa kawaida wengi, duniani kote, waliketi mbele ya kompyuta na kuamini kwamba wao pia wanaweza.

Kinachofundishwa katika safari hiyo ni kizuri, na haifai kukidharau. Mchezaji mwenye ree mbili akipambana na mwenye wafalme wawili, pesa zote zikiwa zimeshawekwa kabla ya karata za katikati kufunuliwa, atashinda takriban mara 82 katika 100. Mara 18 zilizobaki atashindwa bila kosa lolote. Anayeanza hukasirika: humlaumu mgawaji, humlaumu mwenzake, hulaumu nuksi. Aliyekomaa huuliza swali moja tu, kama uamuzi wake ulikuwa sahihi kwa yale aliyoyajua wakati ule. Akijibu ndiyo, huachana na matokeo. Kutenganisha uamuzi na matokeo ni nidhamu ya moyo ambayo dini nyingi zimeitafuta kwa njia zake. Mvuvi wa Matema anayesoma upepo kabla ya kushusha mtumbwi anaifahamu, na mkulima anayepanda mpunga karibu na Mto Mbaka au Kiwira akijua kwamba mafuriko yanaweza kuja anaifahamu pia. Muislamu huiita tawakkul: kufunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Nidhamu hiyo, hata hivyo, imejengwa juu ya dai ambalo kwa muda mrefu halikukubalika kaskazini mwa ziwa: kwamba yapo mambo yanayotokea tu, bila nia ya mtu yeyote nyuma yake. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson waliishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1934 hadi 1938, na vitabu vya Monica, hasa Good Company cha mwaka 1951, vinaeleza fikra iliyo kinyume kabisa. Ugonjwa, kifo cha ng'ombe au shamba kukataa havikuwa bahati mbaya. Vilitoka kwa wazee waliotangulia, kwa wachawi wenye chatu tumboni, au kwa kitu ambacho Wanyakyusa walikiita pumzi ya watu: hasira ya haki ya majirani waliokosewa, inayomshukia mkosaji kama baridi hata akaugua. Pumzi hiyo haikuhesabiwa kuwa uchawi. Ilikuwa nguvu halali ya kijiji, na waliokuwa na uwezo wa kuwaona wachawi usiku na kupambana nao waliitumia kulinda watu na kuadhibu wavunja desturi.

Kosa lililoamsha pumzi ya watu mara nyingi lilihusu chakula. Mtu aliyechinja akala peke yake, tajiri wa maziwa asiyewaita wenzake, mrithi aliyesahau karamu: hao ndio waliohofia kuugua. Kwa macho ya mtaalamu wa hesabu fikra hii ina kosa, kwa kuwa homa haijui nani amenyimwa nyama. Lakini imeshika jambo moja ambalo hesabu ya uwezekano haiwezi kulishika. Inauliza, mbele ya kila anayepata ghafla, wenzake wanajisikiaje. Mshindi wa poka anaweza kuthibitisha kwa tarakimu kwamba hakumwibia mtu. Hawezi kuthibitisha kwa tarakimu kwamba hakuna anayemkasirikia.

Wamisionari walioingia katika nchi hii mwaka 1891, Wamoravian wakijenga Rungwe na Walutheri wa Berlin wakianzia upande wa mashariki, walileta jibu tofauti kuhusu bahati. Historia ya Wamoravian ina jambo ambalo waumini wengi wa Kyela leo huenda wasilisikie kanisani. Jumuiya yao ya Herrnhut, iliyoanzishwa mwaka 1722 katika shamba la Nikolaus von Zinzendorf huko Ujerumani, ilikuwa jumuiya ya kura. Karatasi ndogo zilivutwa kwa sala ili kujua nani awe mzee wa kanisa, nani atumwe misheni, hata nani aoane na nani. Hawakuona mzaha ndani yake. Matendo ya Mitume inasimulia kwamba Mathiya alichaguliwa kwa kura kushika nafasi ya Yuda, na kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba kura hutupwa na binadamu lakini hukumu yake hutoka kwa Bwana. Wakaamini kwamba Mwokozi mwenyewe anaongoza mkono unaovuta karatasi.

Matumizi hayo yalipunguzwa polepole, ndoa zikianza kuondolewa mapema katika karne ya 19, na Sinodi Kuu ya mwaka 1889 ikayafuta katika uongozi wa kanisa. Miaka miwili tu baadaye misheni ilifika Rungwe, na muda si mrefu ikashuka hadi Ipyana katika tambarare ya Kyela. Injili iliyohubiriwa kwa Wanyakyusa, basi, ililetwa na kanisa lililokuwa limetoka tu kuacha kumuuliza Mungu kwa karatasi. Sehemu moja ya desturi ile imebaki hadi sasa: mistari ya Agano la Kale ya kila siku ya mwaka, ambayo imechapishwa tangu 1731, bado huvutwa kwa kura huko Herrnhut, kisha huoanishwa na mstari wa Agano Jipya uliochaguliwa kwa kufikiri. Msomaji anayefungua neno la siku asubuhi anapokea kitu kilichotoka katika bakuli la kura.

Kwa hiyo Ukristo hauwezi kusema kwamba bahati ni chafu kwa asili yake. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aligawa kura kwa matumizi yake: ya kugawana kitu, ya kutafuta ushauri, na ya kupiga ramli. Ya kwanza aliiona inaweza kuwa halali, ya mwisho akaikataza. Mchungaji Mwingereza Thomas Gataker alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1619. Alidai kwamba kura ya kawaida haimwiti Mungu atende kwa namna ya pekee kuliko anavyotenda katika mvua au upepo, na kwa hiyo mchezo wenye bahati ndani yake si kufuru. Hoja hiyo ni sahihi, na inafunga swali la kwanza. Kama kuna ubaya katika karata, lazima utafutwe kwingine.

Uislamu umeutafuta hapo hapo panapostahili. Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, inakubali kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91, inaviharamisha na kutaja sababu waziwazi: kwa njia hizo shetani anataka kutia uadui na chuki kati ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mungu na wasisali. Uadui umetajwa kwanza. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yalijadili kwa kirefu tofauti kati ya sataranji, ambayo ni ya akili, na nardi, ambayo inategemea dadu. Sataranji isiyo na dau na isiyochelewesha sala ilihesabiwa kuwa makuruhu tu, yaani isiyopendeza bila kuwa haramu. Likiingia dau ambalo kila mmoja anaweza kulipoteza, ni kamari, hata mchezo uwe wa akili kiasi gani. Hoja ya wacheza poka wa leo kwamba mchezo wao ni wa ujuzi inaweza kuwa na nguvu mahakamani. Mbele ya fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, haina nafasi, kwa sababu ujuzi haubadilishi mahali pesa inapotoka.

Hapa aya ya Al-Maida na mila ya Wanyakyusa zinakutana, ingawa zilizaliwa mbali sana. Monica Wilson alionyesha kwamba kilele cha maisha mema kwa Wanyakyusa kilikuwa ukwangala, raha ya kukaa pamoja na wenzako. Wavulana wa umri wa miaka kama kumi walianza kujenga vibanda vyao mbali na baba zao, wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka katika kijiji cha rika moja. Ndani ya kijiji hicho mtu alijifunza adabu, hekima na maneno kwa kula, kunywa na kuzungumza na wenzake. Aliyejitenga hakuonekana mpole, alionekana hatari. Neno ushirika, ambalo makanisa ya Kyela yanalitumia kila Jumapili, lilipandwa katika udongo uliokwisha kuandaliwa.

Wacheza poka wa ridhaa nao wanatafuta ukwangala. Wengi wao huanza peke yao, kwenye simu, usiku. Wakishapoteza vya kutosha hutafuta wenzao na kuunda vikundi vya kujifunza vinavyokutana mtandaoni: mmoja anaweka mkono alioucheza, wengine wanauchambua, anayejua zaidi anamsahihisha anayejua kidogo. Wanafarijiana baada ya hasara, wanaambiana lini waache mchezo kwa sababu hasira imetawala. Kwa kijana aliye mbali na nyumbani, kundi la namna hiyo linaweza kuwa la kwanza kumchukulia fikra zake kwa uzito. Wema uliomo ni wa kweli.

Lakini wema huo unasimama juu ya jambo ambalo kundi lenyewe haliwezi kuliondoa. Pesa ya mchezo haizalishwi. Ili wanaojifunza wapate, lazima kila mara wawepo wasiojua wanaoingia na kupoteza. Katika lugha ya mchezo, kote duniani, mchezaji dhaifu huitwa samaki, na meza nzuri ni ile yenye samaki wengi. Wote wakijifunza sawasawa, hakuna anayepata isipokuwa mwenye meza. Rafiki anayemfundisha rafiki anajipunguzia mwenyewe chakula, na ndiyo maana walimu wengi wa poka hutoza ada. Ushirika wa namna hii una watu wa ndani wanaopendana na watu wa nje wanaoliwa. Kijiji cha rika kilijengwa juu ya kulishana.

Watetezi wa mchezo wana majibu matatu yanayostahili kusikilizwa. La kwanza ni ridhaa: kila mmoja amekaa mezani kwa hiari yake, akijua anaweza kupoteza. Jibu hili lina uzito kwa watu wazima wawili wenye uwezo sawa wanaoweka kiasi kidogo. Linapungua uzito pale mmoja anapojua kwa hakika kwamba mwenzake hajui anachokifanya, maana ridhaa ya asiyejua ndiyo hasa mshindi anayoitafuta. La pili ni kwamba maisha yote ni kamari: mkulima naye anaweka mbegu ardhini bila kujua. Ulinganisho huu unapendwa sana na hauna msingi. Mpunga wa mkulima wa Kyela ukistawi, jirani yake hajapoteza debe hata moja. Hatari yake imezaa chakula ambacho hakikuwepo. Hatari ya poka inahamisha kilichokuwepo. La tatu ndilo zito zaidi: mashindano ya michezo nayo yana viingilio na zawadi, na zawadi hutoka kwa walioshindwa. Ni kweli, na mpaka hapo si mstari mkali. Hata hivyo mkimbiaji aliyeshindwa hakuhitajika kuwa dhaifu ili mbio ziwe na maana, na mbio zikikosa zawadi bado ni mbio. Wacheza poka wenyewe hukiri kwamba bila pesa mchezo wao hudhoofika, kwa sababu kutisha kwa karata mbovu hakuna nguvu kama anayetishwa hana cha kupoteza.

Sheria ya nchi haiingii katika swali hili, wala haidai kuingia. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ikaweka leseni na ikazuia walio chini ya miaka 18. Inalinda mchezaji dhidi ya udanganyifu wa mwendeshaji. Kumlinda mchezaji dhidi ya mchezaji mwenzake kumeachiwa dhamiri, familia, msikiti na kanisa.

Ipo desturi moja ya Afrika Mashariki inayoonyesha kwamba kura na pesa vinaweza kukaa pamoja bila mtu kuliwa. Katika mchezo wa upatu, wanawake kumi wa sokoni huchanga kiasi kile kile kila wiki, na mmoja huchukua chungu chote. Mara nyingi mpangilio wa nani aanze huamuliwa kwa kuvuta karatasi. Bahati ina kazi halisi hapo: anayeanza anapata mtaji mapema, wa mwisho anangoja hadi wiki ya kumi. Lakini kila mmoja atapata alichochanga. Kura inagawa zamu, na hasara haimwangukii yeyote iwapo wote ni waaminifu. Ni kura ya kugawana aliyoikubali Thomas wa Akwino, na imefanywa na watu ambao huenda hawajawahi kumsikia. Inaunganisha pia kwa njia ambayo meza ya poka haiwezi, kwa kuwa kila mchangiaji anaomba mwenzake afanikiwe biashara ili wiki ijayo aweze kuchanga.

Kinachobaki ni swali la kichungaji: pesa iliyokwisha kushindwa ifanyiwe nini? Muumini anaposhinda, hamu yake ya kwanza mara nyingi ni kutoa fungu la kumi, kana kwamba sadaka itasafisha zilizobaki. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataa mantiki hiyo: mali ya haramu haileti thawabu kwa kutolewa, hurudishwa kwa mwenyewe akijulikana, na asipojulikana hutolewa kwa maskini bila kutarajia malipo kwa Mungu. Injili ya Mathayo, katika sura ya 5, inamtaka mwenye sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache madhabahuni, aende kwanza kupatana naye. Na katika matambiko ya Wanyakyusa aliyoyaeleza Monica Wilson, sharti la kwanza la uponyaji lilikuwa wenye kinyongo wakiseme wazi, kwa sababu hasira iliyofungiwa moyoni ndiyo iliyoua. Njia zote tatu zinamwelekeza mshindi kwa aliyeshindwa kabla ya kumwelekeza madhabahuni. Kwa mwenye mkeka hilo ni gumu, maana waliopoteza ni maelfu asiowajua na pesa yao imepitia kwenye kampuni. Kwa mcheza poka ni rahisi zaidi: anamjua aliyekaa upande wa pili wa meza, anajua alipoteza kiasi gani, na katika vikundi vya mtandaoni bado wanaandikiana.